Lipstiki: Nta, Mbarika na Udongo Mwekundu

Lipstiki ni mchanganyiko wa nta, mafuta na chembe za rangi usio na maji ndani yake, na muundo huo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya tabia zake: haiozi upesi, kwa kuwa bakteria na kuvu huhitaji maji ili wazaliane, husimama wima katika kikasha chake hata siku za joto, na hulainika kwa kiasi kile tu kinachotosha kuacha rangi inaposuguliwa mdomoni. Katika maduka ya urembo na meza za wachuuzi wa Migwani, mji ulioko kwenye barabara ya kutoka Kitui kwenda Mwingi, bidhaa hii huuzwa pamoja na wanja, poda na rangi za kucha, na nyingi hufika zikiwa zimetengenezwa nje ya Kenya. Jambo ambalo kikasha hakilitaji ni kwamba malighafi tatu za msingi katika lipstiki ya kawaida, yaani nta ya nyuki, mafuta ya mbarika na madini mekundu ya chuma, zote zinapatikana Ukambani.

Nta ndiyo mifupa ya lipstiki. Nyuki vibarua huitoa kwa tezi zilizo chini ya tumbo kama vigamba vyembamba, kisha huitafuna na kuijenga masega, na kazi hiyo huwagharimu sana: makadirio ya kawaida ni kwamba kundi la nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selisiasi, kiwango kilicho juu ya joto la kibanda cha mabati mwezi wa Februari, lakini si juu sana kiasi cha kuifanya ishindwe kuteleza mdomoni. Watengenezaji huichanganya na nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 85, na kwa kupima uwiano wa nta hizo mbili huamua iwapo lipstiki itakuwa laini au ngumu. Uwiano ukikosewa, au lipstiki ikiachwa juani mchana kutwa, matone madogo ya mafuta hujitokeza juu yake. Mafundi huliita tukio hilo jasho, ingawa hakuna maji yanayotoka.

Wilaya ya zamani ya Mwingi, ambayo Migwani ilikuwa sehemu yake, inajulikana kwa asali kuliko kwa nta. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, chenye makao Nairobi, kimefanya kazi kwa miaka mingi na wafugaji nyuki wa huko ili kuboresha uvunaji na uuzaji wa asali, na mizinga ya kisasa ya fremu imesambazwa katika sehemu nyingi za Ukambani. Mzinga huo una faida zake, lakini kwa upande wa nta una hasara ambayo wahamasishaji hawaitaji mara nyingi: asali ikishakamuliwa kwa mashine, sega hurudishwa mzingani, na hivyo nta inayobaki kwa mfugaji ni kidogo. Mzinga wa gogo, ambao Wakamba huuita mwatu, hulazimu sega zima likatwe, na kwa sababu hiyo hutoa nta nyingi zaidi kwa kila kilo ya asali. Mara nyingi masega hayo yaliyokamuliwa hutupwa, ilhali Ethiopia na Tanzania zimeifanya nta kuwa bidhaa ya kuuza ng'ambo.

Mafuta ya mbarika, mmea ambao pia huitwa mbono na ambao kwa Kikamba ni mwaiki au kyaiki, ndiyo nyama ya mifupa hiyo. Mafuta mengi ya mimea ni mepesi mno kubeba rangi, lakini takriban asilimia 90 ya asidi za mafuta katika mbarika ni asidi ya risinoleiki, ambayo molekuli yake ina kundi la ziada la oksijeni na haidrojeni katikati ya mnyororo wa kaboni. Kundi hilo hufanya molekuli zishikane, na matokeo yake ni mafuta mazito yenye mnato, yanayong'aa, yasiyoganda kwa baridi ya kawaida, na yanayozizunguka chembe za rangi vizuri kiasi kwamba hazishikamani kuwa mabonge. Mbegu zenyewe zina risini, protini iliyo miongoni mwa sumu kali zijulikanazo, lakini risini haiyeyuki katika mafuta. Hubaki katika mashudu, nayo huharibiwa kwa joto, na ndiyo maana mafuta yaliyosafishwa hupakwa mdomoni bila madhara.

Mbarika unaaminika kuwa na asili yake Afrika ya kaskazini mashariki, na huota wenyewe kando ya barabara na kwenye mahame kote Ukambani, lakini sehemu kubwa ya mafuta yake yanayouzwa duniani hutoka India, hasa jimbo la Gujarat. Mwezi Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilikamilisha kiwanda cha kukusanya na kukamua mbegu za mafuta katika kaunti ya Makueni, kikishughulikia mbarika, pamba na mbegu za mti wa krotoni, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka Mombasa kwenda kiwanda cha Gela, Sisilia. Shehena hiyo haikwenda kutengeneza vipodozi, bali nishati ya magari na ndege. Kwa hiyo mbarika wa Makueni unaweza kuwa unaendesha lori huko Ulaya wakati lipstiki inayouzwa umbali mfupi kutoka shambani mwake imetengenezwa kwa mbarika wa Gujarat, mpangilio ambao mwanauchumi anaweza kuueleza kwa urahisi lakini mkulima akauona kuwa wa ajabu.

Rangi nayo ina historia ndefu kuliko kijiti chenyewe. Wakamba, kama jirani zao wengi, walichanganya udongo mwekundu na mafuta na kuupaka mwilini, na kilichoutia udongo huo wekundu ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni kadiri miamba ya kale ya Kitui ilivyomomonyoka. Madini hayo hayo huorodheshwa leo kwenye kikasha kwa namba CI 77491, isipokuwa kwamba viwanda huyatengeneza kwa kemikali badala ya kuyachimba, kwa sababu udongo wa kuchimbwa huweza kubeba risasi na aseniki. Nyekundu kali zaidi hutokana na rangi za maabara, au na karmini, inayopatikana kwa kukausha na kusaga wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate huko Amerika ya Kusini. Binamu wa wadudu hao waliletwa Laikipia katika mwongo wa 2010 ili kuula mpungate vamizi uliokuwa ukiharibu malisho. Huko hakuna anayewatafuta kwa ajili ya rangi.

Chembe nyeupe ya dioksidi ya titani huongezwa ili kuifanya rangi ifunike vizuri, na hapo ndipo bidhaa nyingi zilizotungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe zilipokosea kwa miongo mingi: mdomo wenye melanini nyingi hupakwa rangi iitwayo ya asili, nayo huonekana ya kijivu kama majivu. Kosa hilo ni la kemia kabla ya kuwa la mtindo, na biashara imechelewa kulisahihisha. Suzie Wokabi, mpambaji wa Nairobi, alianzisha chapa ya SuzieBeauty mwanzoni mwa mwongo wa 2010 akilenga ngozi za Waafrika, na mwaka 2016 chapa hiyo ikanunuliwa na Flame Tree Group. Fenty Beauty ya Rihanna, iliyozinduliwa mwaka 2017 ikiwa na vivuli 40 vya krimu ya uso, iliingia rasmi Kenya na nchi nyingine saba za Afrika tarehe 27 Mei 2022. Rangi ya kahawia iliyokolea inayochorwa pembeni mwa midomo kwa penseli, huku katikati kukipakwa glosi, yaani mafuta mazito ya kung'arisha, imerudi kutoka miaka ya 1990, na huo ni mtindo ambao hauhitaji titani kabisa.

Ukiondoa vivuli, upya wa bidhaa nyingi zinazotangazwa kila msimu haumo katika rangi bali katika njia ya kuigandisha. Kikasha cha kuzungusha kilisajiliwa hataza Marekani mwaka 1923, na mwaka 1950 mkemia Hazel Bishop aliingiza sokoni lipstiki isiyofutika kwa urahisi. Lipstiki ya maji-maji isiyong'aa, iliyovuma tangu Kylie Jenner alipoanza kuuza yake mwaka 2015, huwa na isododekani, kiyeyushi chepesi kinachopaa hewani kwa dakika chache na kuacha utando mwembamba wa silikoni uliozishika chembe za rangi. Utando huo hauachi alama kwenye kikombe cha chai, lakini ngozi ya mdomo haina tezi za mafuta, na kwa kuwa bidhaa hiyo ina mafuta machache, mdomo hukauka na kupasuka, hasa katika hewa kavu ya Kitui. Mafuta ya midomo, ambayo ndiyo mtindo uliofuata, yanaweza kuchukuliwa kama dawa ambayo viwanda vilevile viliuza kwa tatizo vililolizidisha. Lipstiki ya kubanduliwa nayo huwa na polima iyeyukayo majini inayokauka kama ngozi ya pili. Utando ukivuliwa, rangi iliyokwisha kupenya tabaka la juu hubaki kwa saa nyingi.

Kinachowashangaza wanunuzi zaidi ni lipstiki ya kijani au isiyo na rangi ambayo hugeuka waridi mdomoni, na ambayo wauzaji husema hufuata hisia za mpakaji. Hisia hazihusiki. Ndani yake mna eosini au jamaa yake, rangi ambayo katika hali ya asidi na ukavu molekuli yake huwa imejifunga kama pete na haionekani. Ikikutana na unyevu wa mdomo, pete hufunguka na molekuli huanza kufyonza mwanga wa kijani, na mwanga unaorudi machoni ni wa waridi. Ukijani wa nje ni rangi nyingine hafifu inayozidiwa nguvu mara moja. Tofauti ndogo kati ya mtu na mtu hutokana na unyevu, kiasi cha asidi na rangi ya mdomo wenyewe, na watu wachache hupata muwasho kutokana na eosini, hasa wakikaa juani.

Kuhusu usalama, hofu inayosikika zaidi ni ya risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima lipstiki 400 na kukuta wastani wa sehemu 1.11 za risasi katika kila milioni moja, na ya juu kabisa 7.19, chini ya kiwango cha 10 ambacho mamlaka hiyo imependekeza. Vipimo hivyo vilihusu bidhaa za soko la Marekani, wala haviwezi kutumiwa kuitetea lipstiki bandia isiyo na anwani ya kiwanda. Nchini Kenya, Shirika la Viwango, KEBS, hufuata viwango vya Afrika Mashariki vya vipodozi, na bidhaa iliyoagizwa kutoka nje hutakiwa kubeba stika ya ukaguzi. Stika nayo huigwa, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuangalia pia orodha ya viambato, ambayo bidhaa bandia mara nyingi huiacha au huinakili kwa makosa ya tahajia, na kunusa: mafuta yaliyochacha hujulikana kwa harufu hata kama tarehe iliyochapishwa inasema bado. Lipstiki ya majaribio inayopakwa na kila mteja dukani ni suala jingine, kwa kuwa ukavu wake hauzuii virusi vya vidonda vya midomo kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na njia ya kuikwepa hatari hiyo ni kuijaribu rangi mgongoni mwa mkono.