Ini Likikatwa, Mtu Ataishi Namna Gani?

Hapa Kalemie, mgonjwa akiambiwa kwamba waganga watamkata kipande cha ini kwa sababu ya kansa, pengine jamaa zake wanaanza kumlilia angali hai. Wanauliza: mtu aliyekatwa ini ataishi namna gani? Swali hili linatufikia sisi mapadri na makatekista, nasi yafaa tuweze kulijibu.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kadiri kilo moja na nusu. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya chakula. Tena lina jambo la ajabu: likikatwa, hukua. Si kwamba kipande kilichotolewa chaota pale pale kama mkia wa mjusi. Kile kilichobaki ndicho kinachonenepa, upesi katika majuma ya kwanza, na baada ya miezi michache chakaribia ukubwa wa zamani. Ndiyo sababu ini lenye afya laweza kupunguzwa hata theluthi mbili, na mtu akapona.

Zamani waganga waliogopa, kwa kuwa ini limejaa damu. Mjerumani Carl Langenbuch alithubutu katika miaka ya 1880. Mgonjwa alitokwa damu nyingi, akapasuliwa tena, akaishi. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud alieleza kwamba ini lina sehemu nane, kila moja na mishipa yake. Tangu hapo mpasuaji anajua vema zaidi apitishe kisu wapi.

Lakini shauri lote liko katika ini linalobaki. Kama limejaa makovu kwa ajili ya lutuku au ugonjwa wa epatiti B, halina nguvu ya kukua, na mganga mwenye busara aweza kukataa kupasua. Kukataa huko si kukosa huruma, tuwaeleze jamaa.

Mgonjwa akirudi nyumbani, asiinue mzigo wala kushika jembe kwa majuma sita au zaidi. Ale kidogo kidogo, mara nyingi: bukari, samaki, maharagwe. Pombe, hata tone, hapana. Wala dawa za mizizi, maana nyingine zaumiza ini kwa siri. Macho yakigeuka manjano, tumbo likivimba, homa ikipanda, au akianza kuchanganya maneno, wasingoje kesho: apelekwe hospitali. Uchovu ni neno jingine. Waweza kudumu miezi, na watu humwita mvivu. Katekista anayemtembelea aseme jambo hilo mbele ya ndugu wote, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaomrudisha shambani mapema.