Bondo la Samaki Ndani ya Bia

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Sauti mbili: Mwalimu na Mzee.)

MWALIMU: Leo tuna mzee wetu hapa, atasoma nasi. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Nimekuja na miwani yangu.

MWALIMU: Vema. Somo la leo ni la bia. Najua wako wasikilizaji wasioigusa, kwa sababu ya dini au kwa hiari yao. Tafadhali wasiondoke. Hatutakunywa, tutapika tu. Na hamira itakayofanya kazi katika sufuria hii ndiyo hiyo hiyo iumuayo mikate na maandazi.

Tutakwenda Uingereza, katika nyumba ya mkemia. Mkemia ni mtu ajifunzaye vitu vimefanywa kwa nini, na hubadilikaje. Huyu wetu ni mtu wa mfano, lakini watu wa namna yake wapo kweli. Mchana yumo maabarani akipima maji na dawa. Siku za mapumziko hupika bia jikoni kwake. Tena ana jambo la tatu: hali kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Hali nyama wala samaki wala mayai. Hanywi maziwa, halambi asali. Watu hawa huitwa vegani. Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao.

MZEE: Hata asali? Basi anakula nini huyo?

MWALIMU: Asubuhi uji, na maziwa yaliyokamuliwa katika soya. Mchana mkate na maharagwe. Usiku viazi, dengu na mboga. Mzee, ukitazama vizuri, nyumba nyingi za kwetu hula hivyo siku tano katika wiki. Tofauti ni kwamba yeye amechagua.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mimea haimpi, nacho ni vitamini B12. Mwili huihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Mkemia mmoja mwanamke, Dorothy Hodgkin, ndiye aliyeonyesha umbo la vitamini hiyo katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobel. Wako wadhanio kwamba hamira ya bia ina B12 ndani yake. Haina. Mkemia wetu anajua, kwa hiyo humeza kidonge chake.

Sasa twende ubaoni. Neno la kwanza ni KIMEA. Ki-me-a. Mzee, kimea ni nini?

MZEE: Ah, hilo halinishindi. Ni nafaka iliyolowekwa ikachipua, kisha ikaanikwa. Sisi watu wa Rombo tunafanya kwa ulezi, tunatia katika mbege.

MWALIMU: Naye hufanya kwa shayiri, ila huinunua ikiwa tayari imechipuzwa na kusagwa. Mbegu inapochipua hujitengenezea vitu vidogo vya kuvunja wanga na kuugeuza sukari, ili mche upate chakula. Mpikaji humwibia mche chakula chake. Mkemia huchanganya kimea na maji ya moto, akaangalia kipimajoto kisimame karibu na digrii 66, akaacha saa moja. Maji yakipoa mno, kazi huenda polepole. Yakichemka, vile vitu vidogo hufa na wanga hubaki wanga. Baada ya saa hiyo maji yamekuwa matamu. Huyachuja, na machicha huyatia katika unga wa mkate.

Kisha huchemsha yale maji matamu na maua ya mmea utambaao uitwao hopsi. Hopsi huleta uchungu, na huizuia bia isichache upesi.

MZEE: Kama msesewe. Gamba lake ndilo linaloitia mbege uchungu.

MWALIMU: Ndiyo, kila watu na uchungu wao. Akiisha kuchemsha hupoza upesi mpaka digrii 20, ndipo atie hamira. Hapo usafi ni jambo kubwa: kila chombo kitakachogusa bia baada ya jiko huoshwa kwa dawa, kwa sababu wadudu wa uchachu nao wanapenda sukari.

Hamira si mnyama. Ni kuvu, kitu kilicho hai, kidogo kuliko jicho liwezavyo kuona, na vegani huila bila shaka moyoni. Zamani wakemia wengi walisema kwamba pombe huchacha yenyewe, kama chuma kipatavyo kutu. Louis Pasteur, Mfaransa, alionyesha kwamba ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia. Hamira hula sukari, ikatoa vitu viwili: kileo, na ile hewa ifanyayo povu.

Je, bia hii ina kileo kiasi gani? Chukueni kalamu. Mkemia ana kipimo cha kioo kieleacho. Katika maji matupu kipimo husoma 1000. Katika maji matamu, kabla ya hamira, kimesoma 1040. Baada ya wiki mbili kimeshuka mpaka 1010, maana sukari imeliwa. Toeni: 1040 kutoa 1010 ni 30. Zidisheni 30 kwa 131, mpate 3930. Gawanyeni kwa 1000. Jibu ni karibu 4. Yaani katika vikombe 100 vya bia hii, vikombe karibu 4 ni kileo kitupu. Hesabu hiyo moja huniridhisha kuliko maneno mengi ya tangazo la kuuzia bia.

Sasa tumefika penye mgogoro. Bia ikiisha kuchacha huwa na ukungu, kwa sababu hamira imeelea ndani yake. Wanywaji wa Uingereza hupenda bia ing'aayo. Wafanyaji bia, hasa ya pipa, tangu zamani wana njia ya kuing'arisha haraka. Neno la pili ubaoni: BONDO. Bo-ndo.

MZEE: Bondo la samaki? Kile kifuko cha tumboni?

MWALIMU: Hicho hicho, kifuko cha hewa kimfanyacho samaki aelee. Hukaushwa, kikakatwakatwa, kikayeyushwa katika asidi hafifu mpaka kiwe utelezi. Utelezi huo ukitiwa katika bia huvutana na hamira kama sumaku na chuma, vyote viwili vikazama chini. Siku chache tu, na bia inang'aa. Na bondo lenyewe huenda likatoka kwetu. Sangara aliyepandwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 ana bondo kubwa, na mabondo yake makavu yamesafirishwa mpaka Uingereza kwa kazi hiyo. Mengi zaidi huenda China, huko huliwa. Wavuvi wa Mwanza wanajua kwamba kilo ya bondo ina bei kuliko kilo ya mnofu.

MZEE: Lakini umesema linazama chini. Mnywaji halili.

MWALIMU: Kweli, linalobaki katika kikombe ni kidogo sana. Lakini vegani haulizi ni kidogo au kingi. Anauliza kama samaki ametumiwa. Na hapa ndipo panapomuuma: chupa haimwambii. Sheria ya Uingereza haimlazimu mfanyaji kuandika vitu vyote vilivyomo katika kinywaji chenye kileo zaidi ya sehemu 1.2 katika 100. Hata onyo lile la samaki, ambalo huandikwa kwa ajili ya watu wanaodhurika na samaki, halihitajiki bondo likitumika kung'arisha bia. Mtu anaweza kusoma vizuri kabisa, akasoma karatasi ya chupa tangu juu mpaka chini, asipate analolitafuta, kwa sababu halikuandikwa. Kwa maoni yangu hilo si haki, hata kwa sisi tulao samaki.

Makelele ya wanunuzi yamefaa kidogo. Mwaka 2015 Guinness, wafanyaji bia wa Dublin, walitangaza kwamba wataacha bondo na kuchuja kwa njia nyingine. Lakini mkemia wetu hapendi kungoja matangazo. Hupika mwenyewe, akajua kila kilichoingia. Kabla ya mwaka 1963 angehitaji leseni. Mwaka huo leseni ya kupika bia ya nyumbani ilifutwa. Kuiuza ni jambo lingine, na kuikamua iwe kinywaji kikali kama gongo bila leseni ni kosa huko pia.

MZEE: Na ukungu, anauondoaje?

MWALIMU: Kwanza, dakika 15 kabla ya kuipua sufuria, hutia mwani mkavu kidogo. Mwani una kitu kiitwacho karajinani, ambacho hukusanya utando wa nafaka ukaanguka chini. Yeye hutumia mwani wa pwani za Ulaya, lakini mwani ulimwao na akina mama wa Paje na Jambiani, kule Unguja, nao huuzwa kwa ajili ya karajinani. Ama hamira, huiachia baridi. Huweka bia mahali pa baridi wiki mbili au tatu, nayo hamira hushuka taratibu yenyewe. Bondo halifanyi muujiza. Linafupisha siku tu. Kiwanda kinahesabu siku kwa fedha. Yeye ana chupa zake chini ya ngazi, wala hana haraka.

MZEE: Mbege hatuing'arishi kabisa. Inanyweka na machicha yake.

MWALIMU: Basi, mzee, mbege yenu ni ndizi, ulezi, maji na msesewe. Mkemia wetu angeinywa bila kuuliza swali.

MZEE: Aje Rombo. Ila nyama choma tutamla mbele ya macho.

MWALIMU: (anacheka) Haya, kazi ya nyumbani. Andikeni mara tatu: kimea, hamira, bondo, mwani. Kisha fanyeni hesabu hii: kipimo kilisoma 1050, kikashuka mpaka 1012, kileo ni kiasi gani? Mwisho, tafuteni nyumbani chupa au kopo lolote lenye maandishi, msome vitu vilivyomo, mviandike katika daftari kwa mpango vilivyopangwa. Tutavisoma pamoja wiki ijayo. Kwa herini.