Ngitili: namna Usukuma ulivyoviamsha visiki vyake

Mgunga ukikatwa, juu ya ardhi hubaki kisiki kisichofika gotini. Mbuzi hula kila chipukizi linalochomoza, moto wa kiangazi hupita, na baada ya miaka michache mgeni anaweza kuapa kwamba pale hapajaota mti tangu dunia iumbwe. Chini ya udongo mambo ni tofauti. Mizizi ingali hai, ina akiba yake ya wanga, na kwenye kisiki yamo macho yaliyolala yakingoja nafasi. Mifugo ikizuiwa isifike hapo kwa misimu michache, kisiki hutoa fito, fito hunenepa zikawa miti, na miti huleta kivuli.

Jambo hilo ndilo lililougeuza mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania. Mwaka 1986 ngitili, yaani malisho na vichaka vinavyotengwa kwa mila ya Wasukuma, zilikuwa zimebaki kiasi cha hekta 600 tu zinazojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ni mmoja wa mifano mikubwa ya kurejesha uoto wa asili barani Afrika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na visiki vyenyewe, vikilindwa na watu walioamua kuvilinda.

Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililokutana Nairobi Machi 2022, liliipa kazi ya namna hii jina na maana rasmi. Suluhisho za asili, lilisema, ni hatua za kulinda, kuhifadhi, kurejesha na kutumia kwa busara misitu, malisho, mito, ardhi oevu na bahari ili kutatua matatizo ya jamii, kwa namna inayowafaa binadamu na viumbe wengine kwa pamoja. Wazee wa Kisukuma walikuwa wanayafanya hayo kwa neno moja tu la lugha yao.

Msitu uliokatwa kwa ajili ya afya

Shinyanga haikuwa jangwa. Ilikuwa nchi ya miombo na migunga, na miti yake ilianza kuondolewa kwa nia njema ya kiafya. Mbung'o hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, na mdudu huyo anahitaji kivuli cha vichaka ili apumzike na kuzaa; jua kali likimpiga, hukauka na kufa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilisimamia ufyekaji mkubwa wa mapori ili kumnyima makao. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, aliifanya Shinyanga kituo chake, na aina moja ya mbung'o hadi leo ina jina lake katika vitabu vya sayansi.

Pori lilipofunguliwa, ng'ombe waliongezeka na mashamba ya pamba yakatanuka. Kuni na mkaa vikamaliza miti iliyosalia. Kisha, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zilihamishwa kwenda vijiji vya Ujamaa na kuziacha nyuma ngitili zao. Eneo lililokuwa na mwenyewe likawa la wote, na la wote likawa halina mlinzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Rais Julius Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulizaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI, ambao ulidumu hadi 2004 kwa msaada wa Norway na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Shinyanga ya wakati huo ilijumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu 2012 ziko mkoa wa Simiyu.

Ngitili inavyofanya kazi

Shinyanga hupata mvua kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nazo hunyesha katika miezi michache. Kuanzia Mei hadi Oktoba nchi hukauka. Mfugaji asiye na akiba atawaona ng'ombe wake wakikonda mbele ya macho yake, na msimu wa kulima utamkuta na maksai wasioweza kuvuta plau.

Ngitili ndiyo akiba yenyewe. Mvua zinapoanza, kipande cha ardhi hufungwa na mifugo haiingii. Nyasi hukua, hutoa mbegu na kukomaa, na miti hupata nafasi ya kupumua. Kiangazi kinapokaza na malisho mengine yakaisha, ngitili hufunguliwa sehemu kwa sehemu. Wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, maksai na mifugo dhaifu. Ngitili nyingine ni za kaya, hekta chache kila moja. Nyingine ni za kijiji, na hizo hufika makumi ya hekta au zaidi.

HASHI nayo ilianzisha bustani za miche na kuhimiza upandaji. Lakini wataalamu walipowasikiliza wanakijiji waligundua kwamba mila iliyokuwapo ilikuwa na nguvu kuliko miche yao. Miche inahitaji maji, ulinzi na bahati, na mizizi yake bado ni mifupi kama kidole. Kisiki kina mizizi ya miaka mingi iliyokwisha kuyafikia maji ya kina. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua haraka na kuhimili ukame ambao ungemaliza bustani nzima.

Kinachotokea udongoni

Tone la mvua likianguka kwenye ardhi tupu hupiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo hurushwa, huziba vitundu vya juu, na maji hukimbia na rutuba yote. Penye nyasi na majani makavu, tone huvunjwa nguvu kwanza. Mizizi na mchwa huwa wamefungua njia, maji yanazama, na yaliyozama ndiyo yatakayoonekana tena kisimani miezi ya kiangazi.

Migunga ina kazi nyingine. Ni jamii moja na maharage: kwenye vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Majani yake yakianguka yanakuwa mbolea. Maganda yake huliwa na mbuzi na ng'ombe, mbegu ngumu hupita tumboni bila kusagwa, na kinyesi huzisambaza mbali. Kwa hiyo mfugo unaoumaliza mti ukiachiwa wakati wowote ndio huohuo unaoupanda ukiingizwa kwa wakati wake.

Wakati huohuo mti huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kuweka kaboni kwenye shina, mizizi na udongo. Na viumbe hurudi. Tathmini iliyofanywa mwaka 2004 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ilikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo ndani ya ngitili zilizorejeshwa, pamoja na aina 145 za ndege. Nyuki, fisi, digidigi na sungura hawakuletwa na mtu. Walirudi kwa sababu nyumba yao ilirudi.

Afya ya kaya

Afya ya mama wa kijijini huanzia mbali na zahanati. Huanzia kwenye umbali wa kuni na maji, na maziwa yaliyomo kwenye kibuyu Septemba. Tathmini ileile ilionyesha kwamba ngitili zilipunguza muda wa kutafuta kuni kwa saa kati ya 2 na 6, na wa kuchota maji kwa saa 1 hadi 2. Saa hizo ni mgongo uliopumzika, ni mtoto wa kike aliyewahi shule, ni mjamzito ambaye hakubeba mzigo wa kuni kutoka kijiji cha tatu.

Ng'ombe mwenye malisho ya kiangazi huendelea kukamuliwa wakati ambao maghala yanakaribia kuisha, na mtoto mdogo hapungukiwi protini katika miezi anayoihitaji zaidi. Ukwaju, ubuyu, asali na mboga za porini huongeza vitamini kwenye mlo wa ugali. Magome na mizizi ya dawa hupatikana jirani. Kwa fedha, faida za ngitili zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Katika kaya zilizohojiwa, asilimia 64 zilisema hali yao ni bora kwa sababu ya ngitili.

Swali la mbung'o lazima lijibiwe kwa uaminifu. Kichaka cha hekta tano katikati ya mashamba si sawa na pori nene lenye wanyama wengi, ambamo mdudu huyo hustawi. Hata hivyo kila uoto unaporudi, mitego ya mbung'o na uchunguzi wa mifugo vinapaswa kwenda nao bega kwa bega.

Kulinda kunahitaji mwenye mali

Visiki vya Shinyanga havikuwa vimekufa miaka yote ile ya ardhi tupu. Kilichokuwa kimekufa ni mamlaka ya kumwambia jirani, "Hapa usichunge kabla ya muda wake." HASHI ilifaulu iliporudisha mamlaka hayo mikononi mwa wanakijiji. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilikaa na kukubaliana kanuni. Sungusungu, walinzi wa jadi waliopata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakipambana na wezi wa ng'ombe, walisimamia ulinzi na faini. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliwapa wanakijiji njia ya kuyaandikisha maeneo yao na kutunga sheria ndogo.

Hapo pia ndipo penye udhaifu. Mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Kaya maskini hutegemea ile ya kijiji, na uongozi wa kijiji ukilegea, wao ndio wa kwanza kuumia. Watu na mifugo wanaongezeka, watoto wanagawana ardhi ya baba, na ngitili inayogawanywa mara tatu inakuwa shamba. Fisi hula mbuzi na ndege hushambulia nafaka. Tathmini iliona faida inazidi hasara kwa sehemu kubwa, lakini aliyeliwa mbuzi wake hafarijiki kwa wastani.

Uwezo wa ngitili una mipaka mingine, iliyo mbali na Shinyanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na kundi la wanasayansi wa kimataifa ulikadiria kwamba kulinda, kurejesha na kusimamia vizuri misitu, malisho, mashamba na ardhi oevu kunaweza kutoa zaidi kidogo ya theluthi moja ya upunguzaji wa hewa ukaa unaohitajika kufikia 2030 ili joto la dunia lisizidi nyuzi 2. Zinabaki karibu theluthi mbili, na hizo ni za makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ngitili ya mkulima wa Meatu isigeuzwe kibali cha kiwanda cha ng'ambo kuendelea kufuka moshi.

Kisiki hakijui mpaka wa mkoa. Nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980, wakulima walirudisha miti kwenye mamilioni ya hekta kwa kuchagua machipukizi ya visiki na kuyapogoa, mbinu iliyoenezwa na mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo. Dodoma, tangu 2018, mradi uitwao Kisiki Hai unawafundisha wakulima hatua hizohizo: chagua machipukizi yenye nguvu, pogoa mengine, weka alama, linda.

Msimu wa kupanda miti utakapofika, viongozi watapigwa picha wakiwa wameshika miche. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mtu mmoja alizunguke eneo la kupandwa akiangalia chini, ahesabu visiki vyenye machipukizi, kisha aulize kijiji ni nani atakayewazuia mbuzi. Jibu la swali hilo likipatikana, sehemu kubwa ya miti itakuwa imekwisha kupandwa.