Kompyuta Kuukuu Inapokataa Kuwaka

Katwe, kitongoji cha Kampala kilichoko kusini mwa kitovu cha jiji, kando ya barabara iendayo Entebbe, kimepata sifa tangu zamani kwa mafundi wake, ambao kwa nyundo, tupa na moto wa kulehemu huyageuza mabati na vyuma chakavu kuwa milango, sigiri, mashine za kusaga nafaka na vipuri vya mitambo ambayo viwanda vilivyoiunda ng'ambo vilikwisha kuisahau. Katika miaka ya 1950 palikuwa pia na mitambo ya kuchapa magazeti ya Kiganda, na mwaka 2016 jina la mahali hapo lilivuma duniani kwa sinema iliyosimulia habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyeinukia katika mchezo wa sataranji. Tabia ya Katwe, yaani kutokitupa kitu mpaka idhihirike kwamba hakifai tena kabisa, ndiyo inayonifanya nikitumie kitongoji hicho kulieleza jambo linalowataabisha watu wengi: kompyuta ya miaka mingi ambayo kwanza huwa nzito, kisha asubuhi moja inakataa kuwaka.

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwa mafundi wa Kampala zilikwisha kutumika miaka kadhaa katika maofisi ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba kabla ya kuuzwa upya huku. Katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, majokofu na runinga zilizotumika, kwa kuhofia taka zenye sumu; hata hivyo mashine kuukuu hazikutoweka, kwa kuwa mwenye duka la dawa, mwalimu wa shule ndogo na mpiga picha za pasipoti hawana uwezo wa kununua mpya. Watu hawa, mashine inapogoma, aghalabu huambiwa neno moja tu: tufomati. Nionavyo mimi, hilo ni dhuluma. Kufomati hufuta hesabu za duka, matokeo ya wanafunzi na picha za marehemu, na mara nyingi hitilafu haikuwa humo hata chembe. Njia ya haki ni kwenda kwa taratibu, kutoka nje kuingia ndani, na kutogusa kilichoandikwa katika diski mpaka nakala yake iwe imehifadhiwa mahali pengine.

Tuanze na umeme, kwa sababu Katwe hufundisha somo hili kuliko mahali pengine. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, lakini mashine za kulehemu zinapowashwa katika laini ile ile huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zikashuka, taa zikafifia, na pawa saplai ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kuugeuza umeme huo kuwa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia, ikalazimika kufanya kazi mfano wa mtumwa. Ikichoka, kompyuta hujizima na kujiwasha, au haiwaki mpaka ibonyezwe mara nyingi. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu mashine, jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Ikiwa ni laptopu, chomoa chaja, ondoa betri kama inaondoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliobakia ndani uishe, kisha uiwashe kwa chaja peke yake. Laptopu nyingi zilizodhaniwa kufa hufufuka kwa jambo hilo dogo. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kwani kapasita zake huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa. Ibadilishwe nzima.

Iwapo feni inazunguka na taa inawaka, ilhali skrini imebaki giza, basi umeme umefika na shauri ni jingine. Kila kompyuta, kabla ya kuita Windows au mfumo wowote, hujikagua yenyewe kwa programu ndogo iliyomo katika ubao wake mkuu, ambayo mafundi huiita bayosi. Ikikuta kiungo muhimu hakijibu, husimama papo hapo, na kwa kuwa haiwezi kuandika kitu katika skrini, hulia kwa milio mifupi au mirefu. Milio hiyo ina maana, na maana hutofautiana kwa kadiri ya aliyeitengeneza bayosi, kwa hiyo ihesabu na uitafute katika kitabu cha mashine yako. Mara nyingi sana inalalamikia ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Nimemtazama fundi mmoja akishughulikia jambo hilo kwa utulivu ambao ningependa kila fundi awe nao. Mama mwenye duka la dawa alileta kompyuta ya mezani, na fundi, kabla ya kugusa bisibisi, alimwuliza, “Nnyabo, jana uliizima mwenyewe au ilizimika?” Mama akajibu, “Ilizimika yenyewe, ssebo. Taa ziliyumba, kisha kimya.” Fundi akaifungua. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi lenye kumetameta, kwa kuwa duka lile limepakana na wakata vyuma, na unga wa chuma utokao katika mashine ya kusagia si sawa na vumbi la barabarani: hupitisha umeme, na ukikaa baina ya miguu miwili ya kijichuma unaweza kuiunganisha. Alishika kwanza ubavu wa kasha ili umeme wa mwilini mwake uondoke, akapangusa kwa brashi laini, akaizuia feni kwa kidole isizunguke alipopuliza, kisha akachomoa vijiti viwili vya ramu na kuvisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, polepole, mpaka weusi ukatoka. Alirudisha kimoja tu, akakisukuma mpaka vishikizo vya pembeni vikalia. Skrini ikawaka. Alipotia cha pili ikawa giza tena, na papo hapo ikajulikana, bila kubahatisha na bila kufuta hata faili moja, mkosaji alikuwa nani.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hudharauliwa: ile betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, inayoitunza saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Ikiisha, mashine hurudi nyuma kwa miaka, husimama ikidai ubonyeze F1, na pengine husahau mipangilio yake hata ikaitafuta diski kwa namna isiyo sahihi na kutangaza kwamba hakuna mfumo wa kuwashia. Fauka ya hayo, ijapokuwa imewaka, tovuti za benki na za barua zitaikataa, kwa kuwa hati zao za usalama zina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iliyopotewa na tarehe huziona hati hizo kuwa batili. Wapo waliolipa fedha za kuwekewa Windows upya kwa ajili ya betri inayouzwa kwa bei ya soda chache.

Sasa tumefika kwenye diski, na hapa ndipo ninapoomba hadhari kubwa. Diski za zamani zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma juu yake kama sindano ya santuri, isipokuwa huu haugusi, ukigusa, umeharibu. Visahani vinapopata sehemu mbovu, diski hujaribu kuzisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa, na huko kujaribu ndiko anakokuona mwenye mali kuwa ni uzito: duara linazunguka skrini, dakika zinapita, panya hajibu. Ukisikia tik, tik, tik yenye mwendo mmoja, izime mara moja. Usiiendeshee programu ya kukarabati diski, kwa maana ukarabati huilazimisha kusoma kila mahali, na diski iliyo taabani huweza kufa kazini. Itoe, iunganishe na kompyuta nzima kwa kasha la USB, au iwashe mashine kwa fleshi yenye mfumo wa Linux, ukatoe kwanza vilivyo vya thamani: hesabu, barua, picha.

Vikiisha kuokolewa, badala ya kununua diski nyingine ya kuzunguka, weka ya SSD, isiyo na kitu kinachotembea ndani. Hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi juu ya kompyuta kuukuu. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa nusu dakika au pungufu, na ikiongezewa ramu kutoka GB 2 hadi 4 au 8, mwenyewe huidhani ni nyingine.

Kuhusu programu nitasema machache, kwa kuwa ndizo zinazosingiziwa mno. Ni kweli kwamba diski iliyojaa hadi pomoni, virusi vilivyohama kwa fleshi kutoka duka hata duka, na programu nyingi zinazojiwasha pamoja na mashine huileta ile hali ya kukokota. Kwa Windows 7, F8 inapobonyezwa mwanzoni hufungua njia ya salama, ambamo waweza kuondoa kilichowekwa karibuni. Matoleo ya baadaye, yakishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa marekebisho. Lakini Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine isiyoweza kubeba toleo jipya ni afadhali iwekewe Linux nyepesi kuliko kuachwa wazi mtandaoni.

Ikibaki kwamba ubao mkuu wenyewe umekufa, bado kuna la kutazama: kapasita zilizovimba vichwa au kutoa ute wa kahawia. Bodi nyingi zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipewa kapasita mbovu, na fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu kwa risasi huweza kuzibadilisha kwa gharama ndogo. Isipowezekana, ramu, feni na kasha vitapata mashine nyingine. Diski peke yake isiuzwe pamoja na chakavu, hata kama haisomeki kwako, kwa kuwa kufuta faili hakuondoi maandishi yake ila huruhusu tu nafasi yake iandikwe tena, na mwenye ujuzi atazisoma hesabu za wagonjwa au mishahara ya walimu. Diski nzima iandikwe upya mwanzo hadi mwisho kwa programu ya kazi hiyo. Iliyokufa ipelekwe kwa jirani mkata vyuma, aitoboe visahani vyake kwa keekee mbele ya macho yako.