Bakapu inafeli kila usiku? Angalia jina la kompyuta

Kompyuta ya mhasibu imekufa. Fundi anafungua seva ya bakapu kutafuta mafaili, anakuta folda tupu. Programu ilijaribu kila usiku na kufeli kila usiku. Ripoti zilikuwepo, hakuna aliyezisoma.

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo tu: jina.

Kompyuta za ofisini huwasiliana kwa anwani za IP, yaani namba kama 192.168.1.20. Lakini rauta inaweza kubadilisha namba hizo, ndiyo maana programu nyingi za bakapu hutumia majina. Jina likielekeza kwenye namba isiyo sahihi, data haifiki.

Mtego wa "localhost"

Neno hili kwa kompyuta lina maana ya "mimi mwenyewe", namba 127.0.0.1. Chukua Bacula, programu ya bure ya bakapu. Seva huiambia kompyuta ipeleke mafaili kwenye anwani ya hifadhi. Ukiandika localhost hapo, kompyuta ya mhasibu itaitafuta hifadhi ndani yake yenyewe na kuikosa. Kinachochanganya ni kwamba seva ikijifanyia bakapu yenyewe, inakubali bila shida.

Kwenye Ubuntu na Debian kuna mtego mwingine. Faili la /etc/hosts mara nyingi huunganisha jina la mashine na 127.0.1.1. Programu ikiambiwa isikilize kwa jina hilo, itasikiliza ndani tu. Kompyuta nyingine hazitaifikia.

Cha kufanya

1. Ipe kila kompyuta jina lake, lisifanane na lingine. Tumia herufi, namba na kistari tu, bila nafasi. Kwenye Windows, lisizidi herufi 15.

2. Ingia kwenye rauta, fungia kila kompyuta namba yake. Kama ofisi haina DNS yake, andika majina na namba kwenye faili la hosts, kwenye seva na kwenye kompyuta pia.

3. Pima pande zote mbili. Kwenye seva andika ping na jina la kompyuta, kisha kwenye kompyuta andika ping na jina la seva. Ukiona namba inayoanza na 127, rudi kwenye faili la hosts.

Ukimaliza, endesha bakapu, kisha rudisha faili moja na ulifungue. Fanya hivyo leo, kompyuta zikiwa bado nzima.