Namba Isiyosafiri

Ukipita Kisenyi, jirani na soko la Owino, unga unakutulia kwenye nyusi kabla hujafika mashine ya kwanza. Tuseme mashine mojawapo ya kusaga mahindi ina seva ofisini, na seva pacha iko upande mwingine wa Kampala. UEDCL, iliyorithi usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, imetangaza kwamba Jumapili umeme utakatwa kutwa nzima. Jumamosi usiku kazi inahamishiwa kwa pacha. Mauzo yote yameshanakiliwa huko, hadi kiroba cha mwisho cha pumba. Asubuhi karani anabonyeza kitufe cha risiti, seva inakataa: namba 1 imeshatumika. Anabonyeza tena. Namba 2 imeshatumika.

Risiti ya mwisho ilikuwa 48,217. Kwa kuwa kila jaribio, hata lililokataliwa, hula namba moja, akiendelea kubonyeza atafika 48,218 siku moja. Wateja wa posho hawana subira hiyo.

Katika PostgreSQL, hifadhidata iliyomo ndani ya seva hizi, namba za risiti hutolewa na sikwensi, kihesabu kidogo kinachokaa nje ya jedwali la mauzo. Urudufishaji wa kimantiki unaomlisha pacha, ulioingia na toleo la 10 mwaka 2017, hupeleka mistari ya jedwali, kila mmoja na namba yake. Kihesabu chenyewe hakipelekwi, na hata toleo la 18 halikubadilisha hilo. Ni kumpa karani mgeni nakala za kaboni za risiti zote zilizokatwa, kisha ukamkabidhi kitabu kinachoanzia 1.

Kihesabu kimewekwa kando kwa makusudi. Makarani wawili wakiuza kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Kila mmoja huchomoa namba yake na kuendelea. Mteja akighairi, mauzo hufutwa ila namba hairudi. Mhasibu ataona pengo akunje uso. Mimi pengo silichukii. Kinachoninyima usingizi ni risiti mbili zenye namba moja, na jedwali lisilo na sharti la upekee litazipokea kimya kimya.

Jumamosi usiku, basi, simamisha kwanza programu ya mauzo. Subiri pacha apokee mstari wa mwisho. Ndipo usome last_value ya kila sikwensi, si ya risiti peke yake (ya wateja na ya magunia husahaulika), uiandike kwa pacha:

SELECT setval('risiti_seq', 48217);

Itakayofuata ni 48,218. Ukiongeza false baada ya namba, seva itaelewa kwamba 48,217 bado haijatolewa, nayo itaitoa tena. Na ukisoma kabla ya kusimamisha mauzo, karani akakata risiti tatu katikati, hesabu yako imeshachacha. Fundi mwenye wasiwasi huongeza 1,000 juu, akalale.

Anayenakili seva nzima, baiti kwa baiti, hana taabu hii: sikwensi husafiri ndani ya daftari la mabadiliko, tena imeandikwa namba 32 mbele, ndiyo maana pacha akishika zamu huweza kuruka namba kadhaa.

Jioni umeme unarudi. Seva ya ofisini inaamka ikidhani bado ni 48,217. Ukiiunganisha na pacha, mauzo ya kutwa yataifikia, kihesabu, hapana. Ni setval tena, sasa kuelekea upande wa pili, na aliye kwenye kibodi hajalala tangu jana.