Maji Ndani ya Beringi: Ugonjwa wa Magari Yavukayo Mito

Hakuna mwenye trekta au lori katika Kakamega asiyejua taabu ya matope. Mvua ya nchi hii yakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hata vijito vidogo hufurika na kukata njia. Tangu kilimo cha miwa kilipoenea baada ya kiwanda cha Mumias kuanza kazi mwaka 1973, matrela mengi yamevuka vijito viingiavyo katika mito ya Isiukhu na Lusumu, ambayo yote miwili humwaga maji yake katika Nzoia.

Mara nyingi trela huvuka salama. Lakini baada ya majuma machache gurudumu laanza kunguruma, na dereva husema kosa ni la barabara. La, kosa ni la maji yaliyoingia katika beringi.

MAJI HUINGIA VIPI?

Beringi hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo huzungukwa na grisi. Mlangoni pana pete ya mpira iitwayo sili, ambayo kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie. Trela lenye mzigo likisafiri mwendo mrefu, kitovu hupata moto, na hewa iliyo ndani hutanuka, nyingine ikatoka nje. Mara gari laingia mtoni. Kitovu hupoa ghafula, hewa iliyobaki hunywea, na maji huvutwa ndani kupita mdomo wa sili, hasa ikiwa sili imechakaa.

Grisi iliyochanganyika na maji huwa nyeupe kama maziwa, wala haina tena nguvu ya kulainisha. Chuma hushika kutu, na mwisho wake beringi huvunjika. Gurudumu la trela lenye tani kadhaa za miwa likichomoka barabarani, hasara si ya mwenye trela tu. Watu waendao kwa miguu huweza kupoteza maisha.

FUNZO KUTOKA GARI LA MAJINI

Mwaka 1942 Wamarekani waliunda lori liitwalo DUKW, liwezalo kwenda nchi kavu na kuelea majini. Yaliundwa zaidi ya 21,000. Palipopenya mihimili ya kuzungushia magurudumu katika tumbo la lori hilo, palihitaji kuzibwa kwa sili. Hata hivyo mafundi hawakutegemea sili peke yake, bali waliweka pia pampu za kutoa maji yaliyopenya. Basi nasi tujue kwamba hakuna sili idumuyo milele.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Weka trekta na trela mahali pa tambarare, kaza breki, zuia magurudumu mengine kwa mawe, kisha inua kwa jeki. Usitegemee jeki tupu. Weka gogo imara chini ya ekseli. Ondoa gurudumu na kitovu. Kabla ya kung'oa sili, angalia mdomo wake waelekea upande gani, ili mpya uitie vivyo hivyo.

Osha beringi kwa mafuta ya taa, uikaushe kwa kitambaa safi. Ikiwa ina vishimo, kutu, au rangi ya buluu ya kuungua, itupe, na ubadilishe pete yake ya nje pia. Kisha pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unaposugua. Ukucha ukikwama katika mfereji, sili mpya haitafaa kitu mpaka fundi apatengeneze mahali hapo. Wengi husahau jambo hili, wakalaumu duka lililowauzia sili.

Shindilia grisi mpya isiyoondolewa upesi na maji katikati ya vyuma vya beringi, wala usichanganye na ya zamani. Usikijaze kitovu chote, kwa maana grisi ikipata moto hutanuka. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka uone zito kidogo, kisha ilegeze mpaka lizunguke vyema bila kuchezacheza. Maliza kwa kutia pini mpya.

KUKINGA

Kabla ya kuingia kivukoni, simama mpaka vitovu vipoe, uweze kuvigusa kwa mkono. Ukiisha kuvuka, kanyaga breki mara kadhaa ili zikauke. Penye mdomo wa kutilia grisi, ongeza jioni ile ile, ili ile mpya isukume maji nje. Na mto uliofurika usivukwe kamwe, hata sili zikiwa mpya.

Makarani wa vyama vya ushirika nao wana sehemu yao. Katika daftari la kila trekta na trela, waandike tarehe ya kuvuka maji mengi na tarehe ya kufungua vitovu. Sili moja ni kitu cha bei ndogo, bali beringi, ekseli na siku za mavuno zilizopotea ni mali nyingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.